Kionjo cha Jenerali

Malori mawili yalikuwa yamekwisha kupita lango la kambi, na la tatu, lori la jiko, lilikuwa linakohoa moshi likitafuta gia, ndipo Sajenti Kabange Lwimbo alipoambiwa ashuke kiti cha mbele akapande nyuma na magunia.

"Kiti hicho kina mtu," alisema luteni wa itifaki.

Kabange akatazama. Hakuona mtu. Mara wakaja askari wawili wamebeba picha ya fremu ya dhahabu, kimo cha mtu aliyekaa, wakaiingiza mlangoni kwa adabu, wakaifunga mkanda. Ilikuwa picha ya Jenerali Makombe, Mkuu wa Majeshi ya Nchi Kavu, Majini na Penginepo. Nishani zilikuwa zimejaa kifua zikahamia begani. Mdomo wake ulikuwa wazi kidogo, kama wa mtu anayengoja kijiko.

"Anakuzidi cheo," luteni akaeleza. "Na mkanda usimbane. Nishani zitakunjika."

Basi Sajenti Kabange, mpishi wa Kombania ya Sita, miaka thelathini na mmoja jeshini, siku arobaini kabla ya kustaafu, akapanda nyuma, akakaa juu ya unga. Lori likaondoka. Safari ilikuwa ya kwenda Mwisholami, kituo cha mpakani ambako adui alitarajiwa kila mwaka wakati wa bajeti.

*

Nchi hiyo zamani ilikuwa na jina la maneno saba. Hazina ikapiga hesabu ya wino unaokwenda kwenye barua za serikali, ikayakata sita, likabaki Jamhuri. Wananchi walilipokea jina jipya kwa furaha, maana kutofurahi kulikuwa kumefutwa mwaka uliotangulia.

Baada ya jina ikafuata zamu ya jeshi. Kwanza ilikatwa posho ya buti. Jenerali akatangaza redioni kwamba mguu unaogusa udongo huipenda nchi zaidi. Kisha hospitali ya familia za askari ikafungwa, ikafunguliwa tena kama Makumbusho ya Hospitali ya Familia za Askari, na mke wa askari akiumwa aliruhusiwa kuingia kuangalia vitanda kwa nusu kiingilio. Mwisho wakaifikia sanda. Askari aliyekufa akawa anapewa nusu kitambaa, na waraka ukaelekeza azikwe amekunja magoti, mkao ambao, kwa maneno ya waraka, ni wa tahadhari.

"Hatujakata kitu!" Jenerali alinguruma siku ya gwaride. "Tumepumzisha! Mishahara yenu imechoka, wanangu. Imetumika tangu uhuru haijapata likizo hata siku moja!"

Askari wakapiga makofi, wengine pekupeku. Na makofi yale hayakuwa ya uongo. Baada ya hotuba Jenerali alivua kofia, akaenda jikoni kwa miguu yake, akachota ugali kwenye sufuria ya makuruta, akala amesimama.

Hiyo ndiyo iliyoitwa kionjo. Ilianza wakati wa vita vya ukombozi. Makamanda walikuwa wanakula wali hemani huku askari wakila pumba, mpaka kombania moja ikajilaza barabarani, bunduki kichwani kama mto, ikasema haiendi popote mpaka mkubwa aje ale pumba hizo mbele yao. Mkubwa akaja, akala, akalia machozi. Wakainuka, wakapigana, wakashinda. Tangu hapo hakuna askari wa Jamhuri aliyetia mkono chakulani kabla mkubwa kuliko wote waliopo hajala kutoka sufuria ileile na kumeza. Haikuandikwa katika sheria yoyote. Ndiyo maana ilifuatwa.

Mtu angeweza kukukatia buti, dawa na sanda, lakini kama anakula unachokula, mko pamoja. Askari waliamini hivyo, na Kabange aliamini kuliko wao, kwa kuwa mwiko ulikuwa mkononi mwake na vinywa vya wakubwa alikuwa amevitazama kwa karibu.

Ila wakaguzi wakagundua kwamba kionjo nacho kina gharama. Jenerali akienda kuonja anakwenda na helikopta, daktari, mshika mwavuli, na posho ya kumeza. Likaundwa jopo. Jopo likakaa hotelini miezi mitatu, likashauri hivi: posho ya kumeza ibaki, kumeza kuondolewe. Zikachapwa picha mia mbili zenye mdomo wazi. Utaratibu ulikuwa picha isimamishwe mbele ya sufuria, mpishi anyanyue mwiko mpaka mdomoni pake, ahesabu kumi, atangaze, "Mkuu ameonja, ameridhika," kisha atie sahihi.

*

"Afande!" Koplo Sikujua Nandonde, dereva wa lori la jiko, alipaza sauti kupitia dirisha la nyuma lisilo na kioo. "Huko nyuma kunanuka nini? Macho yananiwasha!"

"Unga."

"Unga gani wa kunuka hivyo? Hiyo ni dawa ya pamba. Nimekulia mashambani, naijua."

Kabange alikuwa ameshainusa. Magunia ya chini yalikuwa na madoa ya kijani yaliyokauka. Hazina ilikuwa imeanzisha Usafirishaji Shirikishi, yaani lori moja kubeba mizigo ya wizara mbili, na unga wa jeshi ulikuwa umepanda pamoja na mapipa ya sumu ya wadudu ya Wizara ya Kilimo. Mapipa yalikuwa ya zamani. Vifuniko vyake navyo vilikuwa vimepumzishwa.

"Mwambie Mkuu hapo pembeni yako," alisema Kabange.

Sikujua akaigeukia picha. "Shikamoo, afande. Unga una sumu." Akangoja. "Hajasema kitu, mzee. Ila anaonekana ana njaa."

*

Mwisholami walifika askari themanini na sita, mahema arobaini, na picha moja. Jioni Kabange alisonga ugali kwa sababu ameamriwa. Harufu ilipanda na mvuke. Kapteni Shebe, mkuu wa kituo, mtu wa karatasi, alisimama mbali kidogo ameshika leso puani.

Kabange akanyanyua mwiko mpaka mdomo wa picha. Akahesabu kumi. Kisha akaushusha mwiko.

"Tangaza," Kapteni akasema.

"Afande, unga huu una dawa ya pamba."

"Sikukuuliza kuhusu kilimo."

"Mbona hajameza?" ilitoka sauti katika mistari. Alikuwa askari Lipungu, ambaye kombania nzima ilimtegemea kwa maneno. "Mzee wa mwiko, hebu mchungulie kooni. Pengine limemkwama!"

Watu wakacheka, lakini hakuna aliyesogea.

"Mkuu ameonja!" Kapteni akatangaza mwenyewe.

"Hatujaona koo likicheza, afande," Lipungu akajibu, safari hii bila mzaha. "Onja wewe basi. Ukila, tunakula."

Kapteni alikuwa na jibu, tena lina namba ya waraka. Mbele ya picha ya Jenerali, aliyepo mkubwa kuliko wote ni picha. Kapteni akiitangulia kula atakuwa amemvunjia heshima mkuu wake, kosa la miaka saba. Akaukunja waraka vizuri, akaenda hemani kula biskuti.

Askari wakamwaga ugali, wakalala hivyo hivyo. Bata wawili wa Kapteni wakaula. Asubuhi walikutwa wamelala chali, miguu juu. Kabange aliripoti. Kapteni akaandika katika daftari la kituo kwamba bata wamefariki kwa utovu wa nidhamu.

Kabange akaandika makao makuu barua tatu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ikajibiwa kwamba ya kwanza imepokelewa. Ya tatu ikajibiwa kwamba unga huo ulishaonjwa na picha kubwa zaidi, iliyoko kwa mzabuni, na mzabuni ni shemeji wa mtu ambaye si vizuri kumtaja kwenye barua.

Siku sita Kombania ya Sita haikula cha jeshi. Walichemsha majani, wakaomba mihogo kwa wanakijiji wa ng'ambo ya pili ya mpaka, ambao kwa mujibu wa ramani ndio waliokuwa adui. Hawakugoma. Kila siku walijipanga, sahani mkononi, wakangoja mtu wa kumeza. Walikonda mpaka mikanda ikaishiwa matundu.

"Waambie wazi wasiuguse unga huu hata akija nani," Sikujua alimshauri Kabange.

"Nimewaambia. Lipungu kanijibu, 'Mzee, wapishi wote husema hivyo ili wauze unga wakistaafu. Sisi tunataka mkubwa ale. Akila, ni chakula. Asipokula, ni sumu.'"

"Wanaamini koo la mtu kuliko bata?"

"Wamelelewa hivyo. Hata mimi."

*

Habari ikafika mji mkuu wakati mbaya, wiki ya Siku ya Majeshi, ambapo Jenerali hutangaza kipimo cha imani ya askari kwa wakuu wao. Mwaka uliopita imani ilikuwa asilimia mia na nne. Mwaka huu ilikwishachapwa kuwa mia na tisa, mabango yakatundikwa. Ikaonekana ni rahisi zaidi kumpeleka Jenerali Mwisholami kuliko kuchapa mabango upya.

Helikopta ilishuka saa nne asubuhi. Wa kwanza kutoka walikuwa watu wa televisheni, wa pili mshika mwavuli, wa tatu yule luteni wa itifaki, amekumbatia sufuria ya jeshi yenye mhuri, sawasawa na za jikoni kwa Kabange. Akaingia nayo jikoni, akafunga turubai.

"Huu ni ugali wa Mkuu," alisema kwa sauti ya chini. "Sembe safi, maziwa, siagi kidogo. Daktari wake ameshauonja. Wewe utautoa nje kama ulioupika hapa. Mkuu ataonja, askari watamwona, kisha utawapakulia wa kwao. Umeelewa, Sajenti?"

"Wa kwao una sumu, afande."

"Una harufu. Wataalamu wamesema harufu hiyo ni ya uzalendo." Luteni akamtazama machoni. "Zimebaki siku thelathini na nne, sivyo? Kiinua mgongo chako kiko mezani kwa Mkuu, kinangoja kalamu. Wapo wapishi waliostaafu wakapata chote. Wapo waliopigwa risasi kwa uchochezi siku ya thelathini na tatu. Chagua, mzee wangu."

Alipotoka, Kabange alikaa juu ya ndoo. Sikujua akaingia kwa nyuma, akaziona sufuria mbili mekoni.

"Utafanyaje?"

"Nikipiga kelele sasa hivi wananipiga risasi, na wale nje bado watakula, maana watakuwa wamemwona akila." Akanyanyua kifuniko cha sufuria ya luteni, akanusa siagi, akafunika. "Nikinyamaza, watakula vilevile."

"Basi?"

"Basi ale wetu."

Sikujua akamtolea macho.

"Nisikilize, mwanangu. Hakuna binadamu anayeweza kuutia mdomoni huu akanyamaza. Unaunguza ulimi kama pilipili. Mtu huyu hajala ugali wa jeshi tangu picha zichapwe, kinywa chake ni cha siagi. Atautema palepale, mbele ya televisheni, mbele ya kombania nzima. Mkubwa akitema, hakuna atakayeugusa. Ndiyo desturi, au siyo? Wameamini koo, nami nawapa koo."

"Na akimeza?"

"Hawezi," alisema Kabange. Miaka thelathini na mmoja alikuwa amevitazama vinywa vya wakubwa, na aliamini anavijua.

Wakatoka na sufuria mbili, Kabange na ya luteni, Sikujua na ya unga wa Mwisholami. Walipopita nyuma ya lori la jiko walibadilishana. Ikachukua muda wa mtu kupiga chafya.

*

Jenerali Makombe alihutubia dakika hamsini kivulini mwa mwavuli wake.

"Wako watu," alisema, "wanaodai eti jeshi halina buti! Nawauliza: nyoka ana buti? Mbona anaogopwa? Wako wanaodai eti askari hawana imani na viongozi! Imani ni mia na tisa, nimeisoma mwenyewe kwenye bango nikiwa angani! Nimeacha kikao kikubwa sana, kikao cha chakula cha mchana, nimekuja kula na wanangu. Leteni sufuria!"

Kabange akaiweka mezani, akafunua. Harufu ikapanda. Luteni akakunja uso, akamtupia Kabange jicho. Lakini kamera zilikuwa zimekwisha kuwashwa, na luteni alikuwa mtu wa itifaki. Hakuna itifaki ya kumzuia Jenerali asile.

Jenerali akamega tonge, akalifinyanga kwa ustadi wa mtu aliyewahi kuwa kuruta, akalitia mdomoni.

Askari themanini na nne mistarini walikuwa hawapumui, na mbele yao Kabange na Sikujua pia. Aliona jicho la kushoto la Jenerali likijaa maji. Aliona mshipa wa shingo ukisimama. Aliona ulimi ukilisukuma tonge mpaka kwenye meno, mashavu yakajaa, midomo ikaanza kuachana, na moyoni akasema, ahsante Mungu.

Kisha Jenerali akaiona taa nyekundu ya kamera. Nyuma ya kamera akaziona zile nyuso zilizokonda zikimtazama koo. Jenerali akitema atakuwa amekiri. Na tangu apate nishani ya kwanza hakuwahi kukiri kitu. Midomo ikafunga. Koo likacheza, likashuka, likapanda.

"Tamu!" akasema kwa sauti iliyopasuka.

Akamega la pili. Machozi yalimtiririka mashavuni mpaka kwenye nishani.

"Analia!" Lipungu akapiga kelele. "Jamani, analia kama yule wa zamani! Ameumeza! Nimeliona koo kwa macho yangu!"

Jenerali akamaliza na la tatu. Kilio cha shangwe kilichopanda Mwisholami kilisikika kwa adui, ambaye aliacha kulima akasimama kusikiliza. Askari walikumbatiana. Waliokuwa wamezomea redio kwa mambo ya hospitali, waliozika wenzao magoti yamekunjwa, wote wakafuta machozi kwa mikono ya mashati. Mistari ikavunjika, wakaenda moja kwa moja kwenye masufuria makubwa ya ugali uliopikwa asubuhi kwa amri, bila kungoja mwiko.

"Msile!" Kabange akapaza sauti. "Ni huo huo! Nimeubadili! Ni sumu, msile!"

"Mzee, acha wivu," Lipungu akamwambia, mdomo umejaa, uso umenawiri kama wa bwana harusi. "Mkubwa amekula. Chukua na wewe."

Kabange akaipiga teke sufuria moja, ikamwagika. Watu kumi wakapiga magoti wakala pale chini. Akamshika Lipungu mkono. Lipungu akajitoa taratibu, kama mtu anavyomwondoa mzazi mlevi. Mwongozaji wa televisheni aliomba kelele zipungue. Kapteni Shebe akamziba Kabange mdomo kwa ile leso yake, akamketisha chini, akamwambia asiharibu siku.

*

Askari thelathini na saba walikufa kabla ya machweo, kumi na tisa siku tatu zilizofuata. Walizikwa Mwisholami wamekunja magoti, na kwa kuwa sanda zilikuwa chache walipewa kwa kupokezana wakati wa dua. Lipungu alikuwa wa nne. Waliokuwa karibu naye walisema mpaka mwisho alikuwa anamtetea Jenerali.

Jenerali Makombe alibebwa na helikopta ileile, akapelekwa nchi ya mbali kutibiwa, akarudi baada ya miezi miwili. Alipoteza sauti kidogo. Alipewa Nishani ya Ushujaa wa Meza na nyongeza ya posho ya kumeza.

Luteni wa itifaki alipandishwa cheo kuwa kapteni. Kapteni Shebe alipandishwa cheo kuwa meja, na alifidiwa bata wawili.

Sufuria yenye siagi ilipatikana nyuma ya lori, ikachukuliwa kuwa kielelezo cha kwanza. Wapelelezi waliila njiani.

Mzabuni aliongezewa mkataba, kwa kuwa unga wake ndio pekee katika Jamhuri uliowahi kumezwa na Mkuu wa Majeshi mbele ya televisheni.

Askari ishirini na wanane walionusurika walihojiwa hospitalini, yaani kwenye makumbusho, kuhusu imani yao kwa viongozi. Wote walijibu kwamba wanaamini, kwani walimwona akila. Mabango hayakubadilishwa.

Koplo Sikujua Nandonde alifikishwa mbele ya tume kueleza kwa nini yuko hai. Majibu yake hayakuridhisha. Alifukuzwa jeshini bila malipo, akavuka mpaka kwa miguu, sasa anauza mihogo ng'ambo.

Sajenti Kabange Lwimbo alishtakiwa kwa kumlisha Mkuu wa Majeshi chakula cha askari. Alikiri. Alipigwa risasi asubuhi, siku ishirini na mbili kabla ya kustaafu, na kiinua mgongo chake kikarejeshwa Hazina.